Mwiku wa Idi na Haki ya Jirani

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyetuhalalishia vilivyo vizuri na akatuharamishia vilivyo vichafu. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na ahali zake, na sahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao mpaka siku ya malipo.

Ama baada ya hayo: tumeulizwa katika darsa yetu hapa Riruta suala ambalo kwa juujuu ni la jikoni, na kwa undani ni la dini. Suala lenyewe ni hili. Nyumba imechinja udhiya, watu wamekula wakashiba, na jioni ya Idi imebaki nyama, umebaki wali, zimebaki chapati. Mama wa nyumba ataka kuyageuza mabaki hayo yawe sambusa, na katlesi, na vitumbua, ayatie ndani ya friza, ili apate staftahi ya wanawe ya wiki tatu au nne. Je, yajuzu? Au nyama ya udhiya haifai kuwekwa zaidi ya siku tatu, kama wasemavyo baadhi ya watu?

Tumeona tulijibu suala hili kwa maandishi, kwa sababu halihusu Riruta peke yake. Ndugu zetu wa Mombasa, na Lamu, na Malindi, na Tanga, na Unguja, wanaousoma waraka huu, wana wana wao na dada zao waliohamia huku bara kwa kazi na masomo. Na friza zilizoko Riruta ziko pia Old Town na Kisauni.

Twataka kwanza msomaji aijue hali. Riruta iko upande wa magharibi wa mji wa Nairobi, katika Dagoretti, na barabara ya Naivasha yapita ndani yake. Ukuta kwa ukuta nayo ni Kawangware. Na ng'ambo ya Ngong Road iko Kibera. Wengi wa watu wa pwani wanaokaa hapa ni wenye kazi za mshahara au biashara ndogo. Baba na mama wote wawili hutoka alfajiri kuwahi magari ya mjini, na watoto hutoka kabla ya jua kwenda skuli. Mama wa pwani alizoea kukanda mahamri jana yake, akayachoma asubuhi kwa utulivu, na mbaazi za nazi zikiwa motoni. Huku bara saa ile ya utulivu haipatikani. Mtoto huondoka na chai tupu, au huenda akanunua njiani kitu asichojua kimepikwa kwa mafuta gani. Basi mwenye kufikiri namna ya kuwalisha wanawe asubuhi kwa chakula cha halali kilichopikwa nyumbani, huyo amefikiri jambo jema, wala halaumiwi.

Walakini watu wa darsa waligawanyika mafungu mawili. Fungu moja lasema: nyama ya udhiya ikipita siku tatu ni haramu kuiweka, na friza ni dhambi. Fungu la pili lasema: mnyama ni wangu, fedha ni zangu, friza ni yangu, nami nitaijaza nipendavyo. Sisi twaona mafungu yote mawili yamekamata ncha moja ya kamba na kuiacha ya pili.

Kuweka chakula si jambo jipya lililoletwa na umeme. Lugha yetu yenyewe yashuhudia hayo. Chakula cha usiku kilichobaki kikaliwa asubuhi, wazee wetu walikiita mwiku, na wengine bariyo, na wengi leo husema kiporo. Watu hawakitilii jina kitu wasichokitumia. Wavuvi wetu walimpasua samaki, wakamtia chumvi, wakamwanika juani akawa ng'onda, akasafiri mpaka bara bila ya kuoza. Ndugu zetu Waborana na Wasomali hukata nyama vipande vidogo, wakaikausha na kuikaanga, wakaihifadhi katika mafuta ikawa nyirinyiri. Na zile siku tatu zinazofuata siku ya kuchinja huitwa siku za Tashriki. Wanazuoni wa lugha wametaja, katika maana za jina hilo, kwamba Waarabu walikuwa wakiikata nyama ya udhiya vipande vyembamba na kuianika juani katika siku hizo. Basi siku zenyewe za Idi zina jina lenye harufu ya nyama iliyowekwa. Friza si kitu ila jua la Tashriki lililogeuzwa baridi.

Ama lile katazo la siku tatu, asili yake ni sahihi, wala hapana ruhusa ya kulikanusha. Imepokewa kwa Bi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, katika Sahihi ya Muslim, kwamba kundi la watu wa majangwani waliingia Madina wakati wa Idi ya kuchinja, wakiwa na dhiki na udhaifu. Mtume, rehema na amani zimshukie, akawaamuru watu waweke cha siku tatu, na kilichobaki wakitoe sadaka. Mwaka uliofuata watu wakamwambia kuwa wao walikuwa wakinufaika na udhiya zao, wakiyeyusha shahamu na kutengeneza viriba kwa ngozi zake. Akawauliza, kwani kumetokea nini? Wakamkumbusha katazo lake. Ndipo akawabainishia kuwa aliwakataza kwa ajili ya wale wageni wenye dhiki waliowafikia; kisha akawapa ruhusa wale, na waweke, na watoe sadaka. Na maana kama hiyo imepokewa kwa Salama bin Al-Akwa' katika Sahihi ya Bukhari: kwamba mwaka ule watu walikuwa katika taabu, naye akapenda wasaidiane.

Na Thauban, mtumishi wa Mtume, amesimulia kuwa Mtume alichinja udhiya yake safarini, kisha akamwamuru aitengeneze nyama ile iwe ya kuwekwa, naye akawa akimlisha katika hiyo mpaka walipofika Madina. Na Bi Aisha alipoulizwa juu ya nyama za udhiya, alieleza kuwa wao walikuwa wakiiweka miguu ya mnyama, wakaila baada ya siku kumi na tano. Aliyemwuliza alistaajabu, akataka kujua ni jambo gani lililowapelekea kufanya hivyo. Bi Aisha akacheka, akamwambia kuwa watu wa nyumba ya Muhammad hawakupata kushiba mkate wenye kitoweo siku tatu mfululizo mpaka alipokutana na Mola wake. Nyumba tukufu kuliko zote iliweka kwato za mnyama kwa siku kumi na tano, ilhali kwetu watu waona haya kumwekea mgeni kiporo mbele yake!

Basi anayesema kuwa kuweka ni haramu kabisa, ameshika hukumu na kuiacha sababu yake, na ameisikia nusu ya hadithi akatoka darasani kabla ya nusu ya pili.

Lakini tusiharakishe kumpa ushindi mwenzake. Imam Shafi, ambaye sisi watu wa pwani tumelelewa juu ya madhehebu yake, amelizungumza jambo hili katika kitabu chake Ar-Risala. Ametaja kuwa hadithi hizi zaweza kufahamika kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuwa katazo na ruhusa kila kimoja kina hali yake: wakifika wenye dhiki, katazo lasimama pale pale, na wasipofika, ruhusa ya kula, na kuweka, na kutoa sadaka yasimama. Njia ya pili ni kuwa katazo limekwisha ondolewa kwa kila hali. Hatusemi kuwa njia ya kwanza ndiyo fatwa inayolazimu. Twasema kwamba Imam mkubwa kama huyu, alipoiona hadithi, hakutazama nyama tu; alitazama ni nani aliyesimama mlangoni. Na imepokewa kuwa Sayyidna Ali alikhutubu siku ya Idi akawakumbusha watu katazo lile la siku tatu, hali zama za Mtume zilikuwa zimekwisha pita; na baadhi ya wanazuoni wamesema sababu ni kwamba watu walikuwa tena katika dhiki mwaka ule.

Sasa na tujiulize kwa haki: je, hapa petu wenye dhiki wamefika, au hawajafika? Wale wa Madina walitoka majangwani kwa siku nyingi. Hawa wa kwetu hawakusafiri. Wako nyuma ya ukuta tulioupandisha vipande vya chupa. Ni mama afuaye nguo za nyumba tano kwa siku, na usiku alala na wanawe wanne katika chumba kimoja cha mabati. Ni kibarua ashindaye kando ya barabara akingoja kuitwa kazini, na akikosa kuitwa, nyumba yake hailali na chakula. Hawa hawahitaji kuingia mjini wakati wa Idi, maana hawakutoka. Harufu ya pilau yetu huwafikia kabla ya salamu yetu. Mtume ametufunza kuwa si muumini aliyekamilika yule ashibaye hali jirani yake ubavuni ana njaa. Wala hatukusikia kuwa friza imetolewa katika hukumu hiyo.

Kwa hivyo jawabu letu ni hili: kuweka nyama ya udhiya na kuipika iwe staftahi za siku zijazo kwajuzu, wala hapana mpaka wa siku tatu, lakini ruhusa ya kuweka imekuja pamoja na amri ya kutoa. Mwenye kuchukua neno moja na kuliacha jingine, huyo hakufuata hadithi, amefuata tumbo lake.

Yabaki kueleza kutoa kunakuwaje, maana hapa ndipo yalipo makosa mengi.

Kwanza, vitabu vya fiqhi ya madhehebu ya Shafi, vinavyosomeshwa pwani yote, vimebainisha kuwa katika udhiya ya sunna ni lazima kutoa sehemu kumpa fukara, na sehemu hiyo iwe nyama mbichi. Haitoshi kumkaribisha sahani ya pilau, wala kumpelekea sambusa. Hekima yake i wazi: nyama mbichi ni mali yake, apendavyo ataifanya; ataipika leo, au ataiweka, au ataigawa kwa nduguze. Fukara naye ana haki ya kuwa mwenye kutoa. Na aliyeweka nadhiri ya kuchinja, huyo hali katika nyama ile hata kidogo wala haweki. Yote ni ya mafukara. Ama wa sunna, bora yake ni atoe yote ila tonge chache za baraka. Na wengi hugawa mafungu matatu, moja la kula, moja la zawadi, na moja la sadaka, na hilo ni jema.

Pili, ngozi haiuzwi, na mchinjaji halipwi ujira wake kwa nyama. Sayyidna Ali aliamrishwa na Mtume asimpe mchinjaji kitu katika mnyama kuwa ni malipo ya kazi. Wengi wetu hapa huchinjisha kwenye machinjio ya Dagoretti, na wengine hununua mbuzi Kiamaiko, na utasikia mtu akipatana: chukua kichwa na ngozi, unipunguzie ujira. Hili halifai. Mlipe fedha yake kamili, kisha ukitaka mpe nyama kama umpavyo mwingine.

Tatu, lipo jambo limekuwa ada katika miji yetu ya pwani, na watu wameihamisha pamoja na masanduku yao mpaka Nairobi. Paja la nyumba ya fulani huenda nyumba ya fulani, na paja la huyu hurudi kwa yule. Kila mmoja ahesabu ni nani aliyeleta na ni nani aliyesahau, na mwisho wa siku friza mbili zimebadilishana nyama, na fukara amepata matumbo. Zawadi baina ya ndugu ni sunna, hatuikatazi. Tunachokikataza ni kuwa zawadi ile imekula fungu la sadaka. Na kibaya zaidi ni yule akumbukaye maskini baada ya wiki sita, stima imekatika, nyama imeanza kubadilika rangi; ndipo amwitapo mfagiaji amwambie, chukua, ni sadaka ya Idi. Mwenyezi Mungu ametukanya katika Sura ya Al-Baqara tusikusudie kutoa kilicho kibaya, ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho.

Nne, asiseme mtu kuwa hawajui mafukara Waislamu wa hapa. Misikiti iko Kawangware, na maimamu wake wazijua nyumba za wajane na mayatima. Na Kibera ina Waislamu tangu mwanzoni mwa karne ya 20, Wanubi ambao wazee wao walikuwa askari wa jeshi la Kiingereza, na msikiti wao wa Makina wajulikana na mji mzima. Watu wa pwani waliwakuta wenzao hawa hapa. Ama jirani asiyekuwa Mwislamu, wanazuoni wamekhitalifiana katika kumpa udhiya. Na Imam An-Nawawi katika Al-Majmu' ameelekea kwenye kujuzu katika ile ya sunna, si ya lazima. Na imepokewa kuwa Abdullahi bin Amr alipochinjiwa kondoo nyumbani kwake, jambo alilouliza ni kama jirani yao Myahudi amepelekewa. Sisi tunaokaa Riruta, ambako majirani wengi ni Wakristo, twahitajia sana kuukumbuka mwendo huo.

Yakishatimizwa hayo, kilichobaki ni halali yako, na pia ni amana yako. Mwenye kuiweka vibaya ikaoza, ameipoteza neema. Na mwenye kuwalisha wanawe kilichoharibika, amewadhuru. Na sheria yetu imejengwa juu ya kuwa hapana kujidhuru wala kudhuru mwingine. Kwa hivyo haituondoi katika dini tukisema maneno machache ya jikoni.

Chakula kilichopikwa kisiachwe nje zaidi ya saa mbili. Hivyo ndivyo lishaurivyo Shirika la Afya Duniani, na wali ndio wenye hatari kubwa. Sufuria ya pilau iliyolala juu ya meko mpaka asubuhi yaweza kuota vijidudu vitoavyo sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiipasha moto mara ya pili. Mwiku wa wazee wetu ulikuwa wa chungu kidogo cha watu wachache. Sufuria ya Idi ni kubwa, na katikati yake hukaa na uvuguvugu usiku kucha. Basi gawa chakula katika vyombo vidogo vya kina kifupi, kipoe upesi, kisha kitie katika friji. Hapo kitakaa siku tatu au nne. Utakacho zaidi ya hapo, kitie katika friza iliyofika nyuzi 18 chini ya sifuri.

Nyama iliyobaki kwenye mfupa ichambuliwe, isagwe au ikatwekatwe, ikaushwe motoni pamoja na thomu, na tangawizi, na ndimu, na kitunguu, mpaka maji yaishe. Ikipoa, tia katika manda za sambusa. Zipange juu ya sinia zisigusane, ziingie friza zikiwa mbichi, na zikishaganda zitie katika mfuko na uandike tarehe. Asubuhi hukaangwa zilivyo, wala hazingojwi ziyeyuke. Nyama hiyo hiyo ukiifunika kwa viazi vilivyopondwa utapata katlesi. Chapati zilizobaki zitenganishwe kwa karatasi moja moja, zisije zikashikana. Wali mweupe uliobaki, uliopozwa upesi, husagwa pamoja na mchele uliorowekwa, ukatiwa katika unga wa vitumbua, vikawa laini. Navyo vikishachomwa na kupoa, hukaa katika friza vizuri. Vyote hivyo viliwe katika mwezi mmoja au miwili, maana ladha hupungua. Vipashwe moto mpaka mvuke utoke na katikati pawe moto kabisa; na kilichoyeyuka kisirudishwe kugandishwa tena.

Na umeme wetu twaujua. Tarehe 25 Agosti 2023 ulikatika karibu nchi nzima, na ukakatika tena kwa namna hiyo mwezi wa Novemba na wa Desemba mwaka ule ule. Friza iliyojaa, ikiachwa imefungwa, hushika baridi yake kiasi cha saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Ukikatika, usiifungue fungue. Na ukiona muda unapita, usingoje nyama ioze: ipike yote siku ile ile, na uwaite majirani. Huenda Mwenyezi Mungu amekukatia umeme ili akuunganishie ujirani.

Na kazi hii isiwe mzigo wa mwanamke peke yake. Mama amesimama jikoni tangu usiku wa kuamkia Idi, na kumwambia sasa afunge sambusa mia, hali wanaume wamelala barazani, si uadilifu. Bi Aisha ameeleza kuwa Mtume alikuwa nyumbani katika kazi za kuwatumikia ahali zake, na saa ya Sala ilipofika alitoka. Jioni moja ya siku za Tashriki, baba na wana na wajukuu wakae pamoja, mmoja akate vitunguu, mmoja abandike manda, mmoja aandike tarehe, na takbira zikisomwa. Hiyo nayo ni Idi.

Zimebaki shubuha mbili. Wapo wasemao kuwa kuweka chakula cha kesho ni uchache wa kumtegemea Mwenyezi Mungu. Hawa twawaambia: Mtume, aliye mkuu wa wenye kutegemea, aliwawekea ahali zake chakula cha mwaka, kama ilivyopokewa kwa Sayyidna Umar. Na Nabii Yusuf aliwapangia watu wa Misri kuweka nafaka ya miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya njaa, ikawa ndiyo sababu ya uhai wao. Kuweka kwa ajili ya uhai si sawa na kufungia kwa ajili ya uroho.

Na wapo wasemao kuwa kula mabaki ni aibu, ni chakula cha wasiokuwa nacho. Hawa wamebeba kiburi katika sahani. Mtume ametufunza kuwa tonge likidondoka liokotwe, liondolewe uchafu, liliwe, lisiachiwe shetani. Ikiwa tonge moja lina hukumu, sufuria nzima itakuwaje? Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake yako papa hapa Nairobi, Gigiri, lilitangaza mwaka 2024 kuwa katika mwaka 2022 chakula kilichotupwa duniani kilifika tani bilioni 1.05, na kwamba sehemu kubwa, kiasi cha asilimia 60, ilitoka majumbani. Si mahotelini wala masokoni: majumbani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwenye jarida la Al-Islah lililotoka Mombasa mwaka 1932, na wenziwe waliotaka kuutengeneza umma huu, walitufunza kuwa islahi huanza pale mtu aliposimama. Basi anayetafuta mahali pa kuanzia, na afungue pipa la taka la jikoni kwake asubuhi ya pili ya Idi.

Ndugu zetu, tumalizie kwa jambo moja. Imepokewa kuwa katika nyumba ya Mtume alichinjwa mbuzi, na nyama yake ikatolewa sadaka. Mtume akauliza, kumebaki nini? Bi Aisha akajibu kuwa halikubaki ila bega. Mtume akamfahamisha kuwa yote imebaki, isipokuwa bega lile. Zingatieni maneno haya, enyi wenye friza! Sisi twahesabu kuwa kilichobaki ni kile tulichokifungia, na kile tulichokitoa kimekwenda. Hesabu ya Akhera i kinyume chake. Staftahi ya wanao itakwisha, ikiwa ni ya wiki tatu au ya mwezi. Fungu bichi ulilomkabidhi mjane wa Kawangware siku ya kuchinja, kabla hujalifungua friza lako, hilo ndilo mwiku wako wa asubuhi isiyokuwa na usiku baada yake.

Basi mwaka ujao, inshallah, mwenye kuchinja na aanze kwa mlango wa jirani, kisha mlango wa jamaa, kisha mlango wa friza. Na mwenye kuweka aweke kwa usafi, na alishe kwa shukrani, wala asitupe.

Ewe Mola wetu, zikubali udhiya zetu, na utubarikie katika tulichokula na tulichokiweka na tulichokitoa. Wape wana wetu riziki ya halali kila asubuhi, wala usitujaalie kuwa sababu ya njaa ya aliye karibu nasi. Amin.

Wabillahi tawfiq.